Keki Yako Ipo Kwenye Mkebe

Lanzhou, 6 Januari 1996

Shangazi mpendwa,

Shikamoo Shangazi. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti limetulia. Huku tuko salama, ila baridi inatutafuna masikio na vumbi ni lile lile. Mama anakusalimu sana.

Uhamisho umepatikana. Kuanzia muhula ujao nitafundisha shule ya msingi hapo Xiamen, ng'ambo ya maji tu kutoka kwako. Naomba nikae chumba cha juu, kile alicholala marehemu baba kabla ya kuletwa huku kikazi. Alikisimulia mpaka mwisho wake. Alisema ukikaa dirishani unasikia piano za majirani kila upande na husikii honi hata moja. Mimi nimezaliwa kwenye vumbi, Shangazi, bahari naiona kwenye kalenda. Niambie nijue nini kabla sijaja.

Mwanao,
Mingxia

Gulangyu, 21 Januari 1996

Mwanangu Mingxia,

Marahaba. Mimi mzima, goti ndilo linalojifanya limenizidi umri. Mpe mama yako salamu, mwambie ale vizuri.

Chumba cha baba yako unakiomba? Anayeomba ni mgeni. Wewe njoo.

Ila ujue unakokuja. Kisiwani kwetu hakuna gari wala baiskeli. Kila kitu kinapanda kilima kwa mkokoteni. Hata piano yangu ilipandishwa na Kang mvuta mkokoteni na wenzake, mimi nyuma nikiwafokea njia nzima. Kwa hiyo usinibebee makabati. Viatu lete vya soli laini, maana ngazi za mawe zikilowa hazimwonei mtu huruma. Siku ya kwanza Bibi Qiu wa jirani atakuletea jeli ya funza wa mchangani, kisha atakukodolea macho. Meza, halafu sifia. Watalii watakupiga picha ukianika nguo, basi anika zisizo na viraka.

Kubwa ni hili. Upepo wa kusini ukianza kuvuma masika, kuta zinatoka jasho. Funga madirisha yote. Ninyi watu wa bara mkiona unyevu mnakimbilia kufungua. Usifungue.

Hizo ndizo kero zetu, na sizibadilishi na raha ya mtu. Asubuhi utashuka kwenda kwenye kivuko, bogenvilia zimemwagika juu ya kuta, na kila mlango unaitwa uingie unywe chai hata kama umechelewa kazini. Nimezaliwa hapa na bado huwa nasimama kutazama.

Na sikukuu ya mwezi, tunapozunguka bakuli kurusha dadu za kushindania keki, aliye mbali hurushiwa na nduguze. Hata asipopata kitu, bado ni wa nyumba. Asiyerushiwa ndiye tunayesema amehama. Baba yako nimemrushia kila mwaka tangu aondoke.

Shangazi yako,
Biyue

Gulangyu, 30 Machi 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nyonga inaendeleaje? Unakula? Unalala?

Mwaka mzima sikukuandikia kwa sababu tulikuwa tunagombana ana kwa ana, na sasa naona barua haina utamu ule. Tangu ulipoteleza kwenye ngazi za sokoni na Kaka Zhenhai akakupeleka kwake Shenzhen, nyumba imepoa. Alisema mama yake ataugulia kule mpaka apone. Mimi nahesabu hiyo ni safari tu, si kuhama.

Kuna jambo ambalo Bibi Qiu ameapa kukuambia, kwa hiyo nakuwahi. Wiki iliyopita ukuta wa sebule ulianza kulowa, nami nikasema nyumba inahitaji hewa. Nikafungua madirisha yote nikaenda kazini. Niliporudi maji yalikuwa yanatiririka ukutani, na piano yako ukibonyeza sauti moja inabaki chini, haitaki kurudi. Bibi Qiu alisimama mlangoni akasema, "Binti wa Lanzhou huyo." Kisha akacheka mpaka akakaa chini. Sasa mtaa mzima wananiita hivyo, hata Kang.

Cheka na wewe, lakini rudi. Nyumba hii hainisikilizi.

Mwanao,
Mingxia

Shenzhen, 12 Julai 1997

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, nyonga imeunga, natembea na mkongojo. Zhenhai ananitunza vizuri, sina la kumlaumu. Lifti inanipandisha mpaka karibu na mawingu, na jirani yangu simjui hata kwa kikohozi.

Nilicheka kuhusu madirisha. Kisha nililia kidogo, mkwe wangu akadhani ni dawa.

Sikiliza sasa. Daktari amesema ngazi basi. Kile kilima kwangu kimekwisha, na sitaki wewe uache kazi uwe unanibeba kwenda chooni. Zhenhai amepata watu wa hoteli wanaotaka kukodi nyumba yote. Atakuja huko Septemba kumalizana nao. Wewe utapata chumba cha walimu ng'ambo. Piano mpe anayeitaka.

Na sikukuu ya mwezi mwaka huu msinirushie. Nimehama. Mwambie na Bibi Qiu.

Shangazi yako,
Biyue

Gulangyu, 18 Septemba 1997

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima, kwa sababu nataka kukujibu.

Kaka Zhenhai alifika juzi, siku yenyewe ya sikukuu. Alikuja na mkataba wa hoteli kwenye mkoba. Bibi Qiu alikuwa ameshaweka bakuli kwenye meza yetu, mtaa umejaa uani. Zamu yako ilipofika nikanyamaza kama ulivyoagiza. Bibi Qiu akachukua dadu akamtia Kaka mkononi. "Mrushie mama yako."

Kaka akasema, "Mama alisema asirushiwe. Amehama."

"Mama yako alipokuzaa aliapa pia kuwa hatazungumza na baba yako tena. Rusha."

Akarusha. Ikatoka nne moja tu, keki ndogo kuliko zote. Watu wakaangua kicheko, maana hujawahi kupata zaidi ya hiyo maishani. Kang akasema, "Ndiye mwenyewe huyo." Kaka naye akacheka, kisha ghafla akajifuta macho, akatoka kwenda kukaa karibu na piano yako. Alibonyeza ile sauti isiyorudi. Aliniuliza kama hapa huwa unaimba ukipika, nikamwambia ndiyo, tena vibaya. Akasema Shenzhen hujaimba hata mara moja. Mkataba amerudi nao kwenye mkoba bila sahihi.

Basi, kabla hujahamia huku, ujue haya. Ngazi hutazipanda. Kang ametandika godoro kwenye mkokoteni wake, anasema aliyepandisha piano yako hashindwi na wewe, ila usimfokee. Chumba chako sasa ni cha chini, karibu na jiko. Bibi Qiu atakuja kila asubuhi nikiwa shuleni, upende usipende. Siachi kazi na sikubebi popote, tumefunga mabomba ya kushikilia chooni.

Keki yako ipo kwenye mkebe. Mimi ninavyopenda keki, Shangazi, usichelewe.

Mwanao,
Mingxia

Shenzhen, 27 Septemba 1997

Mingxia mwanangu,

Marahaba. Ni mzima. Barua yako Zhenhai alinisomea kwa sauti, akaruka pale palipo machozi yake, nami nikapasoma mwenyewe baadaye.

Mwambie Kang nitamfokea kuanzia gatini mpaka mlangoni, hiyo ndiyo nauli yake. Mwambie Bibi Qiu achemshe maji ya chai.

Keki usiiguse. Baba yako nilimrushia miaka yote ile, na hakuna mwaka aliokuja kuchukua ya kwake. Mimi yangu nakuja kuichukua.

Shangazi yako,
Biyue