Pejo ya Baba Ilivyompeleka Gwiza kwa Mumewe

Biryogo, Kigali
Jumanne, 21 Septemba 1993

Mpendwa Kaka Twahiru,

Assalaam aleikum, kaka yangu. Mguu wako unaendeleaje? Plasta wameshaitoa au bado unaruka na mkongojo? Tafadhali wasikuharakishe kurudi kazini huko relini kabla mfupa haujashika sawasawa, nakujua wewe ukiambiwa upumzike unaona umetukanwa. Wifi yangu Uwera naye mzima? Na kifua cha mtoto kimetulia?

Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Baba anakula, anatembea hadi msikitini kwa kushika bega langu, na anagombana na redio kila ikisoma habari. Macho ndiyo yale yale, hata mwanga wa dirisha haoni tena. Lakini tangu mkataba utiwe saini Arusha mwezi uliopita, watu wanapumua kidogo, na mimi nimepata kazi ya cherehani kumi nami ni mtu mmoja: magauni ya harusi kila nyumba. Kila mtu anataka kuoa sasa hivi.

Na harusi yetu imepita, kaka! Binti yangu Gwiza ameolewa Jumamosi. Nimeanza barua hii mara tatu, nikicheka naiacha, na leo nimefunga mlango nikuandikie mpaka mwisho, maana ungekuwepo ungevunja na mguu wa pili kwa kicheko.

Kwanza nikueleze barua yako ya Agosti ilivyopokelewa. Nilimsomea Baba neno kwa neno. Nilipofika pale ulipoandika kwamba hutaweza kuja kumwendesha mpwa wako kwa gari la Baba, basi mimi Shami niendeshe, Baba akaniuliza: hiyo umeisoma au umeitunga? Wallahi nilikasirika! Akamwita jirani yetu Pudentienne, yule mwalimu wa katekisimu, aje aisome tena. Pudentienne akavaa miwani, akasoma polepole kama anasoma Injili, na neno likawa lile lile. Baba akasema vizuri, Twahiru ameandika, lakini Twahiru yuko Tabora.

Sababu yake unaijua. Mama wa bi harusi hampeleki mwanawe kwa mume, anabaki nyumbani. Anayempeleka ni mjomba, na mjomba ni wewe. Nikamwambia Baba, mjomba ana mguu mmoja kwenye plasta, na marehemu baba yake Gwiza hakuacha ndugu hapa mjini, sasa tumwite nani? Akasema ataendesha Évode, fundi wa Gatsata.

Kaka, nitakuambia ukweli, iliniuma. Haikuwa kwa sababu ya mila, mila naiheshimu. Iliniuma kwa sababu ya lile daftari. Unalikumbuka daftari la Pejo, lenye jalada la bluu, tangu 1971? Oili imebadilishwa, plagi zimesafishwa, girisi imepigwa, na mwisho wa kila mstari, dereva. Miaka minne sasa, tangu macho ya Baba yafe, mimi ndiye ninayeliendesha gari lile, ninalala chini yake na nguo za kazi, ninabadilisha oili kila kilometa elfu tatu bila kukosa hata moja, ninaandika kila mstari kwa mkono wangu. Na kila nikifika mwisho wa mstari Baba ananiambia andika: dereva, Sangwa. Jina lake! Mwenyewe amekaa kiti cha abiria ananisikiliza, na dereva ni yeye.

Basi usicheke. Nilitaka siku moja tu.

Ile mita yake ya tarakimu tano imeshazunguka mara tatu, na sasa iko kwenye elfu themanini na saba ya mzunguko wa nne. Watu wananiuliza siri yake ni nini, wanadhani tuna hirizi. Hakuna siri, ni mazoea ya Baba. Asubuhi injini ikiwa baridi hakuna kukanyaga mafuta kwa nguvu. Kila Ijumaa kabla ya swala tunafungua boneti, maji, oili, mkanda wa feni. Tukirudi safari anapita gurudumu moja moja anagusa kwa kiganja, likiwa la moto kuliko wenzake tunalifungua siku ile ile. Anaweka bisibisi kwenye injini na mpini sikioni, anasikiliza. Nami nilimcheka zamani, sasa nafanya hivyo hivyo.

Haya, Jumanne ya wiki ya harusi. Nilikuwa natoka Gatsata na mikungu minne ya ndizi, makreti ya Fanta, na masufuria ya kuazima. Baba pembeni. Tukavuka Nyabugogo, tukaanza kupanda kuja mjini, na nusu ya mlima nikaona mshale wa joto unapanda nao. Nikapunguza. Ukazidi kupanda. Nikasimama pembeni, moshi wa maji unatoka mbele, watu wa Nyabugogo wanapita wanatoa ushauri, unawajua, kila mmoja fundi.

Tukangoja ipoe, tukateremka kurudi kwa Évode. Akaangalia, akapiga mluzi, akasema: "Mama, hii ni joi ya kulasi. Iko imekufa." Yaani gasketi ya kichwa cha injini. Kufungua, kupeleka kichwa kusawazishwa, kufunga, siku kumi. Kaka, harusi ilikuwa imebaki siku nne. Na wakwe walishatuma neno kwamba wana Mersedi nyeusi ya kukodi, kama gari la mzee halitaweza. Walisema kwa adabu, lakini nilimwona Baba alivyoinamisha kichwa. Gari lile lilimpeleka mama yetu hospitalini, lilinipeleka mimi kwa mume, lilikupeleka wewe mpaka mpakani na sanduku lako. Sasa mjukuu wake wa kwanza aende kwa gari la kukodi, na lenyewe limelala gereji? Nilijua likishindwa siku hiyo Baba hataliongelea tena, ataliuza kama chuma chakavu.

Baba akamwambia Évode afunge sanduku lake la spana, asifungue chochote. Akataka maji yajazwe, injini iwashwe, mimi nikae ndani. Ikapata moto. Akasimama mbele, Évode amemshika kanzu kwa nyuma feni isije ikamla, na mkono wake ukateremka mpaka kwenye mpira wa chini wa rejeta. "Kanyaga." Nikakanyaga. "Achia. Kanyaga tena." Kisha akafanya sauti ya kucheka, ukali umekwisha usoni. Mpira ulikuwa unabonyea! Kila nikikanyaga unanyonywa unakuwa bapa, maji hayapiti. Kwenye safari fupi bila mzigo hausumbui, mlimani na mzigo ndipo unapoziba. Gasketi ilikuwa nzima kabisa.

Halafu akauliza, polepole sana: "Springi ya ndani iko wapi?"

Yaa Rabi. Kaka, mwezi wa Ramadhani nilibadilisha mpira ule. Ndani ya ule wa zamani nilikuta springi nene imeshika kutu, nikadhani ni uchafu wa fundi fulani, au mtu aliwahi kurekebisha kwa ubahili. Mpira mpya ulikuwa mzuri, unang'aa. Nikauvalisha mtupu, bila ile springi ya kuuzuia usibonyee, na kwenye daftari nikaandika kwa majivuno: mpira mpya. Springi sikuiandika.

Ningeweza kusema sijui. Évode alikuwa ananikonyeza nikae kimya, angenisaidia. Lakini Baba alikuwa amesimama pale na mkono wake kwenye mpira wa moto, haoni, ananingoja. Nikasema ni mimi, Baba, niliitoa, niliitupa. Akajifuta mkono kwenye kanzu, akaingia garini. Njia nzima ya kurudi Biryogo, mwendo wa konokono, tukisimama kupoza injini mara mbili, aligeuzia uso wake dirishani. Nikajua hata ile nafasi ndogo niliyokuwa nayo imekwenda.

Usiku ule sikulala, nikifikiri niliitupia wapi. Asubuhi nikapekua lundo lote la vyuma nyuma ya nyumba, Gwiza ananisaidia na mikono yake ya hina, wapi! Tukaenda Nyabugogo, springi za kila kitu zipo, za vitanda, za pikipiki, ya kipimo kile hakuna. Mchana nimerudi nimechoka naomba maji kwa Pudentienne. Anamimina chai. Birika limekaa juu ya kitu cha mviringo, kizuri, kimepakwa rangi ya fedha. Nikalinyanyua birika. Kaka, springi yetu! Alikuwa ameiokota jalalani kwetu tangu Ramadhani, akaisugua, akaipaka rangi iliyobaki baada ya kupaka msalaba wa kigango chao. Nilipiga kelele hadi akadhani nimeungua. Aliniomba tu nimletee kitu kingine cha kuwekea birika, nami nimeshamshonea kitambaa cha pamba cha mikunjo mitatu.

Tuliisugua tena ikabaki chuma kitupu, nikaivalisha mwenyewe, Baba anashika taa asiyoihitaji. Siku iliyofuata tukapanda mlima wa Nyabugogo tukiwa na watu sita na magunia mawili ya mchele. Mshale ulikaa katikati kama umegundishwa. Baba alisema tu, sawa. Dereva wa harusi akabaki Évode.

Jumamosi, baada ya ndoa kusomwa, ungeona kwetu! Vigelegele mpaka barabarani. Gwiza ametoka na gauni nililolishona wiki tatu, sura yake ni ya mama yetu kabisa. Mume wake, Hakizimana, ametangulia kwao Kibagabaga na wazee. Baba amekaa mbele na kofia mpya. Évode ndani ya suti, amejinyunyizia marashi ya kutosha mtaa mzima. Mimi nimesimama mlangoni na wanawake wenzangu, nimekunja mikono, natabasamu kwa lazima.

Évode akawasha, akaondoka na gia ya kwanza vizuri. Akataka ya pili: krrrr! Amezoea Toyota za watu, hajui kwamba ile gia ya kwenye usukani imechoka, ya pili unaipumzisha kidogo katikati, unahesabu moja, ndipo inaingia yenyewe. Krrrr, mara ya pili. Baba akapiga dashibodi kwa kofi. "Simama! Shuka!" Évode akadhani amekanyaga mtoto. Baba akatoa kichwa dirishani, akaita mbele ya wageni wote: "Shami! Njoo ukae mahali pako."

Shangazi zetu wakaanza, mama wa bi harusi, jamani, haijawahi kuonekana. Baba akawajibu kwamba leo mtoto hana mama, mama yake amebaki ndani analia, huyu ni dereva. Kisha akaniinamia: "Na dereva halii."

Nikavua viatu vya harusi, nikakanyaga kwa miguu mitupu. Ya kwanza. Pumzisha, moja, ya pili. Ikaingia laini kabisa. Wanawake wakapiga vigelegele kwa gia, kaka, sijawahi kusikia!

Kule Kanogo bondeni kulikuwa na kizuizi, askari akainama, akaona mzee kipofu, bi harusi na mwanamke peku kwenye usukani, akacheka akatupungia tupite. Tukapanda Kimihurura, mlima ule unaoujua, nami jicho moja kwenye mshale. Nyuma namsikia Gwiza anavuta makamasi. Sikugeuka. Baba ameinamisha sikio, uso wake umetulia. Mshale haukusogea. Mpaka Kibagabaga kwenye vumbi, Mersedi nyeusi imepaki pale haina kazi, na baba mkwe mwenyewe akaja kumfungulia Baba mlango kwa mikono miwili.

Nilimkabidhi Gwiza kwa wanawake wa kule, nikawaamkia, nikageuza gari. Tulipoanza kuteremka nikashindwa. Nikalia kwa sauti, machozi mpaka kwenye usukani. Baba akasema: "Sasa lia, mwanangu. Ila weka kwanza gia ya pili, tuko kwenye mteremko." Nikaiweka, nikaendelea kulia na kucheka pamoja.

Tulipofika akataka daftari kabla hata ya kula. Nikaandika anavyosema: springi ya mpira wa chini imerudishwa, injini haikuchemka, bi harusi amefika salama. Nikafika mwisho wa mstari, na mkono wangu kwa mazoea ukaanza kuandika herufi S ya Sangwa. Baba, sijui aliisikia kalamu, akaniuliza ninaandika jina gani. Nikamwambia. Akasema futa, andika la dereva. Nikamwambia herufi ya kwanza ni ile ile, Baba, haina haja ya kufuta. Akacheka hadi akakohoa.

Nisalimie wifi Uwera, mkumbatie mtoto wenu kwa niaba ya shangazi yake, na rafiki yako Karangwa wa stesheni mwambie kahawa aliyotuma ilinyweka yote harusini. Baba anakuombea mfupa ushike na Mungu akufungulie njia ya kuja kutuona. Pudentienne naye amekuwekea mshumaa, usikatae, baraka hazichagui mlango. Ukija, nitakufuata Rusumo mpakani mwenyewe, na utakaa nyuma.

Mdogo wako akupendaye sana,

Shami
Dereva