Betri za Kudokoa

Kwa Baba yangu, Bwana Omari, Siyu.

Assalaam alaikum. Mgongo wako umetulia, au bado wagombana nao kila ukiinuka? Mama hajambo? Na punda wetu Kashata? Mimi mzima, alhamdulillahi, na uzuri umezidi. Nikirudi msiponitambua msione haya. Ningepiga simu, lakini yako najua bado imo matopeni pale ulipoiangusha ukishuka mashuani. Kwa hiyo Bwana Athmani, mwenzangu wa kazini anayekuja likizo, atakuletea barua hii mkononi.

Baba, siku naondoka ulisema, "Kitanda chako sikiondoi. Huko Sharjah utarudi kabla godoro halijapoa." Basi maneno yako kidogo yatimie.

Kazi yangu hapa ni kuendesha toroli za umeme katika ghala la mchele. Unashika mpini, toroli inanyanyua magunia ambayo Kashata angeyaona akatoroka. Hakuna anayeziendesha kama mimi, uliza yeyote. Sasa betri zake zikaanza kufa. Asubuhi zina nguvu, ikifika adhuhuri toroli imesimama katikati ya ndia kama ngome yetu ya Siyu. Tajiri akakasirika. Akasema atanunua betri mpya mara hii tu. Hizo nazo zikifa, atakodi watu wengine waje na mashine zao, na sisi turudi makwetu.

Kazi ya kuchagua akapewa msimamizi wetu, Bwana Abudi, mtu wa Mkomani, kule Lamu mjini, ambaye hata kahawa huinywa kama anakifanyia kikombe hisani. Yeye alitaka betri za asidi, zile zile za zamani. Mimi nikadakia, "La, Bwana, chukua za lithiamu."

"Kwa nini?"

"Ndizo za kisasa. Hata simu yangu inayo."

Ghala zima likacheka. "Siyu wametuletea injinia wa kidato cha pili!" akasema Bwana Abudi. "Kamuulize kwanza punda wenu, kisha uje."

Wallahi nikamuuliza. Ilipoadhiniwa alasiri, kila mtu akachomeka toroli yake kwenye chaja, kama tufanyavyo kila adhana, tukaenda kusali. Nimo safuni, Mwenyezi Mungu anisamehe, mawazo yakanikimbilia zizini kwetu. Kashata hataki kudokoadokoa. Hula usiku kucha akashiba, ndipo akubali mzigo. Lakini yule mbuzi wa Mama hutafuna kidogo hapa, kidogo pale, na kutwa nzima hachoki.

Tulipotoka kusali nikamshika mkono Bwana Abudi. "Bwana, betri twaziua sisi wenyewe. Za asidi zataka kushiba usiku kucha. Sisi kila adhana twazipa tonge moja, kisha twazikimbiza."

Akazigeukia toroli zilizochomekwa. Desturi hiyo aliianzisha yeye, akidhani anazihurumia.

"Sasa wataka tuache kusali?"

"Hasha! Tuchukue zinazopenda kudokoa. Lithiamu ukiilisha kidogokidogo haidhuriki."

Nilingoja matusi, akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Kumbe punda alijibu! Haya, na chaja je? Hizi za zamani zitaziharibu. Na umepima sanduku zitakamokaa?"

Sikuwa nimepima kitu, Baba. Ningeachiwa mimi, tungeletewa betri zisizoingia wala kuchajika. Tukachukua futi, yeye akapima, mimi nikashika taa na kutoa ushauri ambao hakuuomba, akaagiza betri pamoja na chaja zake.

Zimekuja. Sasa ikiadhiniwa twachomeka, twasali, twarudi, na magharibi toroli bado zakimbia. Tajiri ametuongezea mkataba sote, na mimi nimekabidhiwa zile chaja. Wenzangu waniita Punda. Ni wivu.

Nisalimie Mama, mwambie mbuzi wake asichinjwe, ana heshima zake huku. Nisalimie dada yangu Mwanaisha, mshona kofia, aache kunikosoa hati. Ami Bakari, fundi wa viatu, mwambie ndara zake bado zadunda kwenye sakafu ya Waarabu. Kashata mpe mkono wa majani kwa niaba yangu, usiku, ale ashibe.

Na kile kitanda, Baba, mpe mdogo wangu Ali, aache kulala mkekani. Godoro limeshapoa. Ila asijinyooshe sana: nikipata likizo nakuja, na nitalala upande wa ukutani.

Mwanao,
Shee Omari,
Bwana Mkubwa wa Chaja