Bosi Aliyesema Breki ni Moyo

Ndugu yangu, nimetoka sasa hivi kwenye ile kampuni ya kusafirisha mafuta ghafi. Bado nina hasira.

Nimekagua lori walilotaka kunipa. Breki za tela zimekufa kabisa. Nikamwambia bosi.

Akacheka. "Dereva wa kweli hategemei breki, anategemea moyo."

Moyo! Tangi zima la mafuta, mteremko wote ule wa njiani, mtu ananiambia moyo.

Nikamuuliza, "Mwanao ungemkalisha kwenye kiti hiki?"

Akanuna. "Mwanangu amesoma."

Nikamtupia funguo mezani, nikaondoka. Fundi wao akanifuata mpaka getini. "Kaka, umefanya vizuri. Aliyekutangulia tumemzika majuzi."

Wewe kesho usiende kuomba kazi pale. Bora njaa, yenyewe inaua polepole.