Kapita Hula Baada ya Adhana

KITUO CHA POLISI, MUTAKURA, BUJUMBURA
Maelezo ya shahidi, Jumatano tarehe 17 Aprili 2024

Mimi ni Mwanvua binti Chabani, miaka 54, Mwislamu, fundi cherehani Quartier Asiatique, mkazi wa Mutakura. Naeleza kwa hiari mbele ya Afisa Aloys, ingawa nimeacha gauni la bibi harusi mezani na Ijumaa wanalitaka.

Mnamo tarehe 8 Machi, jirani yangu Mirindi, seremala kutoka Kongo, alinibishia hodi na mbwa wake Kapita. Alisema: "Mama Mwanvua, mi naenda Uvira kuzika mama yangu. Uniangalilie huyu." Nikamjibu: "Mi Mwislamu, mbwa nitamuweka wapi?" Akasema ni siku chache tu. Mvua zimefunga barabara ya Gatumba na hajarudi hadi leo.

Kapita ni chotara. Mama yake ni mbwa wa kuwinda wa milimani, baba yake dubwana la kulinda jumba la Mutanga Sud. Akisimama kwa miguu ya nyuma ananipita kimo. Habweki ovyo. Akikupenda anakuegemea na uzito wake wote, na mimi nimeshaangushwa kwenye ndoo kwa mapenzi hayo. Asipokimbizwa alfajiri anatafuna mlango, kwa hiyo mwili huu wote sasa unakimbia alfajiri, na mtaa unacheka. Kupe namtoa masikioni kwa mafuta ya mawese. Nilimuuliza shehe, akasema kumlisha ni thawabu, ila udenda nioshe. Naosha.

Kuna jambo moja lazima liandikwe. Ramadhani ilipoingia sikupika mchana, hivyo Kapita naye alikula baada ya adhana ya magharibi, ugali na ndagala, dagaa wa ziwa letu. Nikimwekea sufuria yake nasema "Bismillah", ndipo anagusa. Sikumfundisha, alijifundisha mwenyewe. Idi ikapita, mimi nikarudi kula mchana, yeye akakataa. Sufuria ya saa sita anaitazama tu.

Jana Jumanne jioni, adhana ilipoanza, nilikuwa natawadha uani. Mlango wa ua haukufungwa sawasawa. Arnaud, dereva wa teksi anayekaa nyumba ya tatu, akapita na mishikaki ya mbuzi kwenye mfuko. Kapita akatoka akitembea, taratibu kabisa. Arnaud akakimbia. Mbwa wa kuwinda hakimbiwi, ukimkimbia anakuona paa. Alimpita, akaukamata mfuko. Arnaud akaanguka kwenye changarawe akipiga kelele: "Mbwa iko inanikula! Munisaidie!"

Nilifika miguu ikiwa bado na maji. Mkono wa Arnaud niliutazama kwa macho yangu: ni michubuko ya changarawe, hakuna jino. Kapita alikuwa ameketi, mfuko mdomoni, mate yanamtoka, na hajatafuna. Alikuwa ananitazama mimi. Anasubiri bismillah.

Afisa ameniuliza kama nafanya mzaha. Sifanyi. Nilisema "Acha", akauweka chini. Arnaud aliokota mishikaki yake yote na nilimwona anaila akiwa anakuja kushtaki.

Mkuu wa mtaa, Bwana Jimmy, anasema Mirindi hayupo, basi mbwa hana mwenyewe, na mbwa asiye na mwenyewe apigwe risasi leo jioni. Kapita aliletwa hapa kituoni jana usiku, amelala hapo nje kwenye jua, kafungwa kamba fupi, na tangu jana hajala kwa sababu hapa hakuna anayejua kumwambia ale. Roho inaniuma. Wiki zote hizi, kila aliyenicheka nilimjibu: "Si wangu, ni wa Mirindi." Nilisema hivyo sokoni, msikitini na harusini. Leo nasema vingine. Mirindi akirudi tutaelewana sisi wawili. Afisa, palipoandikwa mwenye mbwa, weka jina langu. Na uandike kwamba nampenda.

Nimesomewa yote haya, ni maneno yangu, sipunguzi wala siongezi.

Sahihi: Mwanvua binti Chabani

Maelezo ya afisa: Nimeyaandika na kumsomea shahidi. Mkono wa mlalamikaji nimeukagua, hauna alama ya meno. Mbwa amefunguliwa saa tisa na nusu alasiri na kukabidhiwa kwa mwenyewe, Mwanvua binti Chabani. Mwenyewe ameomba nisiandike kwamba alilia.

Aloys, afisa wa zamu