Waliokimbiza Upepo, na Paa la Mama

Kangemi, Jumatatu

Dada Rispa,

Pokea salamu zangu kutoka kwenye baridi hii. Mimi ni mzima, kikohozi kimebaki cha asubuhi tu. Mguu wako unaendeleaje? Na Mama, bado analala jikoni? Barua yako niliisomea langoni kazini, Kileleshwa, wenye magari wakinipigia honi niwafungulie. Unasema tangu upepo ung'oe paa la Mama na kuliruka la Mama Mdogo ng'ambo ya ua, Mama hamwamkii tena, eti ndiye aliyeutuma. Na hatarudi nyumbani mwake mpaka mtu amwambie kwa nini upepo ulichagua yake. Swali hilo limenikaa kichwani.

Basi jana, baada ya kanisa, nikaona ubao nje ya kibanda cha video karibu na soko: WAZUNGU WANAKIMBIZA KIMBUNGA. KWELI KABISA. WALIJIPIGA PICHA WENYEWE. Nikasema, hawa ndio wa kuulizwa. Mtu anayeufuata upepo kwa gari lazima ajue tabia zake.

Dada, nisikufiche. Tulitazama viatu. Mwenye kamera anakimbia, kwa hiyo unaona viatu vyake, nyasi, mlango wa gari, kisha viatu tena. Watu watano wamebanana garini wanagombania ramani. DJ, yule anayetutafsiria kwa maikrofoni, alijitahidi hadi akaishiwa: "Sasa jamaa anasema... anasema hata yeye haoni kitu." Kimbunga kilipofika, picha ikawa nyeusi. Mayowe. Halafu maandishi: wote walikufa, kamera iliokotwa shambani.

Mama mmoja muuza mboga akasimama.

"Wewe DJ! Kama wote walikufa, nani aliweka muziki?"

"Mathe, mimi nasoma tu yale yameandikwa."

"Na upepo walikuwa wanaufuatia nini? Walikosa kazi?"

"Hiyo ndiyo kazi yao."

"Basi wamefutwa."

Kibanda kizima kilicheka. Mimi niliona uchungu kidogo: kuufuata upepo hadi kufa, na usiuulize hata swali moja! Nikamwambia hivyo jirani yangu wa benchi, fundi wa mabati kutoka Dagoretti, nikamsimulia na habari ya Mama. Nilidhani atacheka. Akauliza nyumba imetazama wapi.

"Bondeni, unakotoka upepo."

"Upande huo kuna ukuta mtupu?"

"Kuna veranda."

"Ya zamani?"

"Ya Desemba."

"Mlifunga mbao zake kwa waya hadi ukutani, ama mlizipigilia tu kwenye paa kuukuu?"

"Zilipigiliwa tu."

"Upepo uliingia chini ya veranda, ukaiinua, nayo ikabeba paa lote. Huyo jirani hana veranda, ama?"

"Hana."

"Na hiyo nani alijenga?"

Nikamwambia, fundi mmoja tu wa huko nyumbani.

Dada, fundi huyo unamjua. Alikuja Krismasi, akaazima nyundo, akakataa seremala asiitwe, maana yeye Nairobi ameona nyumba nyingi. Tena akapigwa picha chini ya veranda yake, amevaa kofia.

Kwa hiyo Mama amepata jibu. Si Mama Mdogo. Ni mimi. Msomee barua hii yote, usiruke mahali, hata hapo pa kofia. Najua atanisema sana. Mwache aseme. Akimaliza, mshike mkono mvuke ua pamoja, kwa sababu aliyetukanwa bure hawezi kuwa ndiye wa kwanza kuja. Nimeomba ruhusa kazini. Nikipewa nitakuja na waya. Nyundo ataishika seremala, mimi nitashika ngazi.

Nisalimie shemeji, mumeo mvumilivu, na mzee wa kanisa aliyetupatia turubai. Za Mama Mdogo siandiki hapa. Hizo Mama azipeleke kwa mdomo wake.

Ni mimi mdogo wako,
Enosi