Kwa Mwalimu Twendeni, Aliyefundishia Nje

Mama,

Mwaka umetimia wiki hii tangu asubuhi ile ya Jumapili ulipoketi kitandani kuvaa viatu, ukavaa kimoja, na cha pili hukukiwahi. Baba alidhani umesinzia.

Nimeshika kalamu mimi, kifungua mimba wako, kwa niaba ya wote. Mdogo wangu aliniasa niandike mazuri tu, kwamba kumbukumbu si mahali pa kuanika ya nyumbani. Nitajaribu. Lakini wewe ndiwe uliyetufundisha kwamba insha ya uongo hupewa sifuri hata ikiwa haina kosa la tahajia.

Wanafunzi wako walikuita Mwalimu Twendeni. Uliiweka chaki mezani, ukavaa filimbi shingoni, ukasema, "Haya, twendeni," na darasa la nne zima likakufuata hadi kijisitu cha nyuma ya shule. Huko walipima unene wa miti kwa kamba. Walijifunza kugawanya kwa mbegu, na waliandika insha wakiwa wamekaa kwenye mizizi. Mkaguzi mmoja alikuta chumba kitupu, akaandika kwamba hukufika kazini. Ulimfuata na matope yako miguuni ukamwambia, "Darasa lipo, mheshimiwa, ila halina paa."

Mifuko ya magauni yako ilikuwa ghala. Tukifua tulikuta maganda ya mbegu, manyoya ya ndege, na mara moja konokono mzima mwenye hasira zake. Baba, ambaye kazi yake ya kutengeneza saa haitaki hata chembe ya vumbi, alinung'unika, "Nimeoa mwalimu au nimeoa msitu?" Nawe ukamjibu, "Umepata vyote viwili, na bado unalalamika."

Ulikuwa mpole lakini hukuwa mzembe. Hilo nataka lisomwe na kila mtu. Uliwahesabu watoto kabla ya kutoka, ukawahesabu mkifika, ukawahesabu mkirudi.

Siku ya nyuki, mtoto mmoja alichomeka fimbo kwenye tundu la mti mkavu. Ulipuliza filimbi, nao wakakimbilia darasani kama ulivyowazoeza. Wawili hawakuwahi. Wa kwanza ni binti wa fundi bomba, aliyejikwaa akaanguka. Wa pili ni binti yangu, somo wako, mjukuu niliyempa jina lako. Alirudi kumwinua mwenzake.

Nilifika shuleni mbio nikitoka kiwanda cha mikate, unga bado mikononi. Binti wa fundi bomba alikuwa amekwisha kupelekwa hospitali, anapumua kwa shida. Hakuna aliyejua kwamba mwili wake haustahimili sumu ya nyuki. Alilazwa siku nne. Wangu alikuwa ofisini, jicho moja limefumba kwa uvimbe. Wewe ulisimama kando, umejitanda shali hadi shingoni, mikono imekuvimba. Niliiona mikono yako, Mama. Niliiona nikapuuza.

"Mwanangu, nisikilize kwanza," ulisema.

Nikakujibu mbele ya walimu wenzako na watoto, "Hawa si mbegu zako za majaribio!"

Wiki iliyofuata kulikuwa na mkutano wa wazazi. Fundi bomba alikuja na barua iliyotaka masomo ya nje yakome. Nilitia sahihi tu, ya saba kutoka juu.

Mwalimu mkuu alikuonyesha barua ile. Jioni yake ulipita kwangu, ukakaa, ukanywa maji. "Sahihi yako bado ina ule mkia niliokukataza darasa la kwanza," ulisema, ukacheka kidogo. Kisha ukauliza kama somo wako amekula. Hukulitaja tena jambo hilo, hata siku moja, nami nikajidanganya kwamba halikukuuma. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa.

Geti la nyuma likatiwa kufuli. Ulifundisha ndani mihula miwili. Ulijaribu kuuingiza msitu darasani ndani ya makopo: majani, udongo, jongoo. Mwalimu mkuu akasema jongoo hapana. Ukaanza kupungua. Ulirudi nyumbani na viatu safi, na hicho ndicho kilichomtisha Baba. Daktari alisema ni presha. Sisi tunasema hivyo pia watu wanapouliza.

Siku ya tatu baada ya mazishi, fundi bomba alikuja na binti yake. Mtoto yule hakungoja kukaribishwa. Alisimama mbele ya Baba akasema, "Babu, mwalimu alitulalia juu. Mimi na mwenzangu. Alituambia tuhesabu mpaka mia, tusikosee."

Nilimgeukia binti yangu. "Ni kweli?"

Akaitikia kwa kichwa.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Mama. Ulikuwa unagomba."

Ndipo Baba akafungua kinywa. Alisema kwamba siku ile ulipofika nyumbani alikuketisha kwenye kigoda chake cha kazi, akavaa lenzi yake jichoni, akachukua kibano cha kushikia vyuma vya saa, akakutoa miiba ya nyuki mgongoni mmoja mmoja. Sitini na mmoja. Ulimwapisha asiniambie. "Akijua, atajilaumu kwa aliyoyasema," ulimwambia. Na baada ya barua, alipotaka kuja kunieleza, ukamshika mkono ukamkataza tena. Alisimulia yote hayo bila kunitazama. Fundi bomba alijifunika uso kwa viganja.

Mama, nilikukosea mbele za watu. Nakuomba radhi hapa, mbele za watu. Sijui kama radhi ya namna hii hufika.

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu nikamwomba aifute sahihi yangu. Akanijibu kwa upole, "Barua ni ya wazazi wote, mama. Wao wakibadili, geti litafunguliwa." Basi mimi na fundi bomba tumepita nyumba kwa nyumba na barua mpya. Wachache wametia sahihi. Wengi wamekataa, na siwezi kuwagombeza, maana wananirudishia maneno yangu mwenyewe. Mama mmoja, mshonaji, alisimamisha cherehani yake akaniambia, "Mama yako alikuwa mtu wa watu, Mungu amrehemu. Lakini kesho akiwa ni wangu, nani atamlalia juu?"

Niliikunja barua, nikaenda nyumba ya pili.

Kwa hiyo kufuli bado lipo. Darasa la nne wanajifunza sehemu za mti kwa picha iliyobandikwa ukutani, na kwenye dirisha la nyuma pameegemezwa kabati.

Na somo wako? Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Yeye akisikia feni inavuma hutoka chumbani. Lakini mwezi uliopita aliniomba mwenyewe, "Mama, nipeleke kule kwa bibi." Nilidhani anataka kwenda kaburini. Akasema hapana, kule kwenye miti.

Tulizungukia barabara ya nje, tukafika penye miti ya kwanza. Akasimama. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho ndani ya mkono wangu. Alitazama ndani.

"Turudi," akasema.

Nikwambie kweli, nilishukuru. Tukarudi. Tulipofika mlangoni akauliza kama Jumamosi tutakwenda tena. Nikamwambia ndiyo. Tumekwenda Jumamosi tatu sasa, na mara zote tatu tumesimama palepale.

Unakumbukwa na mumeo, fundi saa, na wanao wawili, mimi na kitinda mimba wako, na mkweo, na dada yako mkunga, na wajukuu zako wote, wa kwanza wao akiwa somo wako, na binti wa fundi bomba, aliyeomba atajwe humu pamoja na wajukuu, nasi tukakubali.

Maadamu tunapumua, Mama, hutatutoka.