Kuku Niliyemwacha Mbele ya Madhabahu

Nyeri,
Jumatatu, nimetoka kazini

Dadangu Mama Kamau, mwari wa maitu, binti wa mama yangu,

Uko namna gani? Na kile kifua chako, bado kinakusumbua? Mama mmoja wa Kiriaini nilikutana naye sokoni akaniambia ati mwezi uliopita ulilazwa hospitali. Tangu siku hiyo silali vizuri. Ukienda kuchuma chai asubuhi tafadhali vaa sweta mbili, na kama kuna ukungu ngoja kidogo jua litoke. Najua utasema, huyu amenyamaza miaka minne halafu anakuja kuniuliza mambo ya sweta. Sema tu, uko na haki. Lakini kila mvua ikinyesha hapa, najiuliza kama huko Kangema imenyesha pia, na kama umepata mahali pa kujikinga.

Usishangae mwandiko. Ni mkono wangu mwenyewe. Njeri aliniambia, "Mami, leta nikuandikie, wewe unaandika kama kuku anachakura." Nikamwambia hapana, hii ni yangu. Siku hizi ninasoma ngumbaru, darasa la watu wazima, siku tatu kwa wiki, nikimaliza kupika kule shuleni. Tunafundishwa Kiswahili kwa sababu hatuko Wakikuyu peke yetu. Kuna Wameru, na kuna Mama Halima wa Majengo, jirani yangu, Mwislamu, tunakaa naye dawati moja. Ndiyo maana nakuandikia Kiswahili kama mtu wa serikali. Kikuyu naongea tu, kuandika inanishinda.

Sasa nikueleze kilichotokea jana, halafu utaamua wewe.

Jana ilikuwa Jumapili ya mavuno. Kila mtu alipeleka kanisani kile Mungu alimpa, na baada ya ibada vitu vyote vinauzwa kwa mnada, kama tu huko nyumbani. Mimi nilipeleka kuku wangu mwekundu, yule wa pekee. Nikamfunga kwa mguu wa meza pale mbele, karibu na makabichi, nikarudi kuketi na kufungua Biblia yangu.

Mhubiri akasoma yale maneno ya mtu aliyeleta sadaka, halafu akakumbuka kwamba ndugu yake ana jambo naye. Ati aiache pale pale, aende kwanza wapatane, ndipo arudi aitoe. Dada, maneno hayo si mageni. Tumeyasikia tangu tukiwa wasichana, tukikanyagana miguu chini ya benchi. Kanisa lote likasema amina, na mimi nikasema, na hakuna mtu aliyeinuka. Halafu nikaangalia chini, nikaona barua yako.

Lazima niseme ukweli. Ile barua Baba Kamau aliniletea kwa lango la shule, mwezi mmoja baada ya kumzika Wambui wangu, sikuisoma. Niliipokea hata bila kumwambia bwana yako karibu chai. Wakati huo sikujua kusoma, na sikutaka mtu anisomee, kwa sababu niliogopa ndani yake kuna maneno kama yale niliyokutupia kaburini. Nilisema mbele ya watu wote, "Wewe ndiye umeniulia mtoto." Wewe, uliyekuwa ukimlea huko Kangema nikiwa kazini Nyeri. Wewe uliyekuwa ukimwita "maitu" kwa sababu alibeba jina la mama yetu. Nilikuona ukikaa chini kwenye matope na nguo yako nzuri, na sikukuinua. Kesho yake nikarudi Nyeri.

Basi nikaitia barua ndani ya Biblia. Na kwa vile sikujua kusoma, kila Jumapili mhubiri akitaja mahali pa kufungua, mimi nafungua hapo penye barua, watu waone nimefungua. Njeri alikuwa akininong'oneza, "Mami, wanasoma Mathayo, wewe uko kwa Zaburi." Namwambia, "Mungu ni mmoja, nyamaza." Miaka minne nimesikiliza neno la Mungu nikiangalia bahasha yako. Nilidhani kusikiliza ni masikio peke yake.

Jana niliinuka. Mzee Gathogo, anayesimamia sadaka, alifikiri natafuta choo, akanionyesha mlango wa nyuma kwa kidole. Nikatoka na mlango wa mbele. Nikasikia kuku wangu akipiga kelele na watoto wakicheka.

Nyumbani nilikaa kitandani nikafungua bahasha. Nilisoma na kidole, neno moja moja. Mama Halima akapita kuniuliza kama niko na chumvi, akanikuta.

"Barua ya lini hiyo?"

"Ya miaka minne."

"Wallahi! Ulikuwa umeivaa kama hirizi?"

Halafu akaona uso wangu, akaacha mzaha. Akaketi, akashika upande mmoja wa karatasi. Yale maneno yaliyonishinda tuliyasoma pamoja.

Dada, sikujua. Sikujua mvua ilikuwa imekata barabara na lori la chai limezama kwenye matope. Sikujua ulimbeba mgongoni kutoka nyumbani mpaka hospitali, ukamfunika na sweta yako, wewe ukabaki na blauzi peke yake. Watu waliniambia tu kwamba ulichelewa kumfikisha hospitali, na mimi nikalishika hilo neno moja kama ndilo lote. Na hicho kifua, Mama Kamau, hicho kifua si kilianza siku hiyo?

Tena mwisho ukaandika ati uko na kosa moja la kuomba msamaha. Ati njiani mtoto alikuuliza, "Mami yuko wapi?" na ukamwambia, "Anakuja." Na hukuwa umenitumia habari bado. Ulisema hivyo ili atulie, na akatulia, na hakuuliza tena. Ukaniomba nikusamehe huo uwongo. Hapo Mama Halima aliiachilia karatasi akaenda kusimama dirishani. Wewe uliomba msamaha, dada, na mimi nikaufanya alama ya ukurasa.

Jioni mzee Gathogo akaja na kuku kwapani.

"Mama Njeri, hii kuku imetushinda. Kwa mnada nimekataa iuzwe. Umeiacha, lakini hujaitoa. Niifanye nini?"

"Angoje," nikamwambia.

"Angoje mpaka lini? Inakula mahindi yangu!"

"Mpaka niende kwa dadangu, nirudi."

Mzee akavua kofia. Akasema, "Mimi nimesikia maneno hayo yakisomwa miaka mingi. Hii ndiyo sadaka ya kwanza naona ikibaki." Akaenda na yule kuku, sijui kama alikuwa ananisifu ama ananilaumu.

Ningekuja jana hiyo hiyo. Nilikuwa nimefunga hata kitambaa kichwani. Lakini mlangoni nikakifungua tena. Mtu aliyesema neno kama lile kaburini hawezi kuingia boma lako kama mgeni wa chai. Mwenye boma ndiye wa kusema. Kwa hivyo naomba ruhusa, na ninaandika hapa na mkono wangu: hukumuua mtoto wangu. Ulimbeba. Ukikubali nije, nitayasema mbele ya watu wale wale, nikisimama pale pale niliposimama, kwa sababu walisikia lile la kwanza. Ukikataa sitakulaumu. Nitauliza tena.

Nitumie neno moja tu, hata "njoo" peke yake. Sasa naweza kulisoma mwenyewe, na sitaliweka ndani ya Biblia.

Msalimie Baba Kamau, mwambie sijasahau ile chai sikumpa. Msalimie Kamau, na tata yetu, yule dada ya baba, kama macho bado yanaona. Njeri anakusalimia sana, ati anakumbuka viazi vyako vya kuchoma. Mama Halima hakujui lakini anasema anakuombea kwa njia yake. Na meza dawa zote, usiache katikati ukijisikia nafuu, nakujua.

Halafu, ukipata nguvu ya kufika pale kwa Wambui, ng'oa majani kidogo. Mwambie kile ulichomwambia njiani hakikuwa uwongo. Mama yake amechelewa, lakini anakuja.

Ni mimi mdogo wako, anayengoja,
Nyokabi, Mama Njeri